Kutafuta Dawa Mpya Ndani ya Jenomu ya Bakteria: Mwongozo kwa Anayeanza

"Nimepakia jenomu, nimepata makundi 30 ya jeni, na 12 kati yake hayafanani na kitu chochote kinachojulikana. Je, nimegundua antibiotiki mpya?"

Swali hili hunifikia mara kwa mara, kila safari kutoka kwa mtu mwingine. Jibu ni kwamba hujagundua bado, ingawa huenda uko njiani. Programu za kuchimba jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, ni za bure na mtu huzizoea ndani ya siku mbili. Kinachowashinda wengi ni kuyasoma majibu yake. Mtu huona asilimia ndogo ya kufanana, moyo ukamwenda mbio, kisha akatumia miezi maabara akifukuza kundi la jeni ambalo lilikuwa limekatika tu katikati. Ningependa miezi hiyo ubaki nayo.

Nadharia ya kukutosha

Bakteria wengi, hasa Streptomyces na jamaa zao wa udongoni, hutengeneza molekuli ambazo hawazihitaji kwa kukua tu: silaha, ishara, vibeba chuma (molekuli za kukamata chuma na kukiingiza kwenye seli). Streptomycin iliyopatikana mwaka 1943 ilitoka kwa bakteria wa aina hiyo, na erythromycin vilevile. Jambo la heri kwetu ni kwamba jeni zinazotengeneza molekuli moja kwa kawaida hukaa jirani kwenye kromosomu: za vimeng'enya vinavyojenga kiini cha molekuli, za kuipamba, za kuisafirisha nje, za udhibiti, na mara nyingi jeni ya kumkinga bakteria mwenyewe na sumu yake. Ujirani huo ndio unaoitwa kundi la jeni, na ndio kompyuta inaoutafuta.

Jenomu ya Streptomyces coelicolor A3(2) ilipochapishwa mwaka 2002, ilionekana kuwa na makundi zaidi ya 20 ya namna hii. Bakteria huyu alikuwa amechunguzwa kwa miongo kadhaa, na bado molekuli zake zilizojulikana zilikuwa chache kuliko makundi hayo. Kazi yetu yote imejengwa juu ya pengo hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye intaneti na kivinjari. Kwa mara ya kwanza huhitaji kujua kuandika amri zozote.
- Jedwali la kompyuta, na daftari la kuandika kila toleo la programu na kila chaguo ulilobonyeza. Matoleo hubadilika, na matokeo hubadilika nayo.
- Faili la jenomu, ama kutoka NCBI, hazina ya umma ya mifuatano ya DNA, ama la bakteria wako mwenyewe.
- Kama bakteria ni wako: awe ametengwa peke yake, bila mchanganyiko, na DNA yake iwe ndefu isiyovunjikavunjika.
- Kibali. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inahusu ridhaa ya nchi ambako kiumbe kimechukuliwa na mgawanyo wa faida itakayotokana nacho. Shughulikia jambo hili kabla ya kuchota udongo. Dawa iliyogunduliwa kwa sampuli isiyo na karatasi inaweza kukwama moja kwa moja, na wenye ardhi ile wanastahili haki yao.
- Mkemia mmoja mnayeelewana. Bila yeye utaishia hatua ya 6.

Hatua

1. Anza na jenomu ambayo majibu yake yanajulikana

Usianze na bakteria wako. Najua unamwonea hamu, lakini anza na S. coelicolor A3(2). Kromosomu yake iko NCBI kwa namba NC_003888, ina jozi za besi (herufi za DNA) 8,667,507, na makundi yake yamechunguzwa kuliko ya karibu bakteria yeyote wa jamii hii. Ukikosea kusoma, utajua kwamba umekosea.

Pakua faili la muundo wa GenBank. *Kosa la kawaida:* kupakua faili lenye maelezo ya jeni lakini lisilo na mfuatano wenyewe. Kwa rekodi kubwa, ukurasa wa NCBI hauonyeshi kila kitu mpaka uombe toleo kamili. Fungua faili lako, nenda mwisho kabisa. Kama huoni mistari ya herufi a, c, g na t, pakua upya.

2. Pima ubora wa jenomu kabla ya kuichimba

Hatua hii huipuuza karibu kila anayeanza. Kwa jenomu ya mazoezi unaweza kuiruka, ila kwa ya kwako usithubutu.

Makundi tunayoyatafuta ni marefu. Kundi moja la poliketidi, molekuli zinazojengwa tofali kwa tofali, linaweza kufika au kupita besi 100,000, na ndani yake moduli, yaani sehemu za kimeng'enya zinazoongeza tofali moja moja, hujirudia zikifanana sana. Mashine zinazosoma DNA kwa vipande vifupi vya besi 150 au 250 huchanganyikiwa hapo: programu ya kuunganisha haijui kipande ni cha moduli ya tatu au ya tano, basi inakata. Kwa hiyo jenomu hukatika mahali palepale unapopahitaji zaidi. Ukiweza kulipia usomaji wa vipande virefu, wa PacBio au Oxford Nanopore, fanya hivyo. Fedha utakayookoa kwa kukwepa gharama hii utailipa baadaye kwa muda.

Angalia mambo matatu. Kwanza, idadi ya kontigi, yaani vipande vilivyounganishwa: jenomu ya Streptomyces yenye kontigi 1 hadi 10 ni nzuri, yenye 400 itakutesa. Pili, urefu wa jumla: Streptomyces wengi wako kati ya besi milioni 7 na milioni 11, kwa hiyo ukipata milioni 15 shtuka. Tatu, pitisha jenomu kwenye CheckM, programu inayokadiria ukamilifu wa jenomu na uchafu wa DNA ya viumbe vingine. Mimi nataka ukamilifu wa zaidi ya asilimia 95 na uchafu wa chini ya 5. Niliwahi kuruka kipimo hiki, nikafurahia kundi moja zuri ajabu kwa wiki mbili nzima, kabla ya kutambua kwamba lilikuwa la Bacillus aliyeingia kwenye chupa.

3. Endesha antiSMASH

Hiki ndicho chombo kikuu cha kutafuta makundi ya jeni ndani ya jenomu, na kimekuwepo tangu 2011. Fungua tovuti yake, chagua toleo la bakteria, pakia faili. Ukaguzi uache kwenye kiwango cha kati, ambacho ndicho kinachowekwa chenyewe. Washa KnownClusterBlast, inayolinganisha na makundi ambayo bidhaa zake zinajulikana, na ClusterBlast, inayolinganisha na jenomu nyingine. Bonyeza, subiri.

Kazi ikiisha, pakua matokeo yote yaliyofungwa pamoja. Usitegemee kiungo peke yake, maana tovuti haihifadhi matokeo milele.

4. Soma matokeo taratibu

Utaona jedwali la maeneo, kila moja na aina yake: poliketidi, peptidi zinazojengwa bila ribosomu, terpini, vibeba chuma na kadhalika. Bofya eneo moja uone jeni zake kama mishale. Nyekundu iliyoiva ni jeni za kiini, waridi ni za nyongeza, bluu za usafirishaji, kijani za udhibiti, kijivu nyinginezo.

Kwenye S. coelicolor watafute hawa kwanza: actinorhodin yenye rangi ya bluu, undecylprodigiosin nyekundu, antibiotiki inayotegemea kalsiamu inayofupishwa CDA, na coelimycin. Kisha geosmin, ile inayoupa udongo harufu baada ya mvua, pamoja na ectoine, hopene na desferrioxamine. Hizi nne za mwisho zikariri. Utazikuta kwa Streptomyces wengi mno, na ukishazijua hutazifukuza tena.

Sasa tuje kwenye ile asilimia, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Asilimia ya KnownClusterBlast haipimi molekuli. Inasema tu ni sehemu gani ya jeni za kundi linalojulikana ambazo zina jamaa kwenye eneo lako. Basi asilimia ndogo inaweza kutokana na mambo kadhaa ambayo hayahusiani na upya:

- Kundi lako limekatika ukingoni mwa kontigi, nusu yake iko kwingine. Programu huweka alama ya ukingo wa kontigi, nawe uitafute kabla ya kufurahia chochote.
- Eneo limebeba makundi mawili yaliyo jirani, na ulinganisho umeangukia lile lisilokuhusu.
- Molekuli inajulikana miaka mingi, ila hakuna aliyewahi kuziunganisha jeni zake nayo na kuziweka kwenye hazina ya MIBiG, ambayo ndiyo inayolinganishwa.

Hilo la tatu ndilo linalowauma hata wazoefu. Kompyuta inaweza kusema "halifanani na chochote", nawe ukaishia kwenye molekuli iliyogunduliwa kabla hujazaliwa.

Kinyume chake kipo pia. Asilimia 100 haimaanishi ufunge ukurasa. Kundi linalojulikana linaweza kuwa dogo, likaenea lote ndani ya eneo lako huku jeni nyingine kumi zikibaki bila maelezo. Zihesabu hizo zilizobaki.

5. Chagua kundi moja, mawili zaidi

Jedwali lako lina mistari 30. Hakuna maabara inayoweza kuyafuata yote, na uamuzi wa hapa una uzito kuliko hatua nyingine yoyote. Mimi huchuja hivi.

Kwanza naondoa yote yaliyokatika ukingoni. Kisha naondoa yale manne uliyoyakariri. Yanayobaki nayapitisha kwenye BiG-SCAPE pamoja na makundi ya MIBiG na ya jenomu za jamaa wa bakteria wangu. Programu hii hupanga makundi kwa familia. Kundi lililoangukia familia moja na kundi la dawa maarufu linaweza kunipa ndugu wa dawa hiyo, na lililo kwenye familia yake lenyewe, tena lenye wenzake watatu au wanne kutoka bakteria wengine, hunivutia zaidi. Kundi lililohifadhiwa na bakteria kadhaa kwa vizazi vingi huenda linafanya kazi.

Halafu natafuta jeni ya kujikinga, na hapa naomba utulie nami kidogo. Bakteria anayetengeneza sumu ya kuua wenzake lazima asijiue. Njia mojawapo ni kuwa na nakala ya pili ya kile kinacholengwa na sumu, iliyobadilika kiasi cha kutodhurika. Bakteria wanaotengeneza novobiocin, ambayo hushambulia kimeng'enya cha kukunja DNA kiitwacho gyrase, wana nakala sugu ya jeni ya gyrB ndani ya kundi lenyewe. Kwa hiyo ukiona katikati ya kundi lako jeni ambayo kwa kawaida inatakiwa kuwa moja tu kwenye jenomu, na nyingine kama hiyo iko mahali pake pa kawaida, umepata dokezo la molekuli yako inashambulia nini, kabla hata hujaiona. Programu ya ARTS hufanya utafutaji huu.

Mwaka 2015 watafiti walipitia jenomu 86 za Salinispora, bakteria wa baharini, wakitafuta nakala za pili za namna hiyo karibu na makundi. Walikuta moja ya jeni zinazotengeneza mafuta ya bakteria, wakafuata kundi lile, wakafika kwenye thiolactomycin. Molekuli hiyo ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1980, ila jeni zake ndizo zilizokuwa hazijulikani. Njia ilikuwa sahihi kabisa, na hapohapo unaona onyo la hatua ya 4 likitimia.

6. Kisia molekuli

Kwa makundi ya poliketidi na ya peptidi zisizo za ribosomu, antiSMASH hukuonyesha domeni, yaani sehemu zenye kazi maalumu, ndani ya kila kimeng'enya, na mpangilio wake mara nyingi ndio mpangilio wa molekuli. Mfano wa kujifunzia ni erythromycin, BGC0000055 kwenye MIBiG: protini tatu kubwa zenye moduli sita, kila moduli ikiongeza tofali moja kwenye mnyororo, na mwishoni mnyororo unafungwa kuwa pete. Hesabu moduli, soma kila moja inachagua tofali gani, chora kwenye karatasi. Ukiweza kuichora erythromycin bila kuangalia jibu, uko tayari kwa kundi lako.

Hakikisha domeni za lazima zipo na ni nzima. Kundi zuri lenye kimeng'enya kikuu kilichokatika kwa kodoni ya kusimama (alama ya DNA inayokomesha ujenzi wa protini) huenda limekufa zamani.

*Onyo:* mchoro wako ni dira tu. Coelichelin ya S. coelicolor ilikisiwa mwaka 2000 kutokana na kimeng'enya chenye moduli tatu, kwa hiyo ikatarajiwa kuwa na amino asidi tatu. Ilipopatikana kweli mwaka 2005 ilikuwa na nne. Andika uzito unaoutarajia, lakini usikatae kilele, yaani alama ya molekuli kwenye kipimo cha uzito, kwa sababu tu hakilingani nao.

7. Liamshe kundi

Makundi mengi hulala katika mazingira ya maabara. Anza na njia nyepesi: otesha bakteria kwenye vyakula vitano au sita tofauti, kwenye maji na kwenye agari, ukivuna siku ya 3, ya 5, ya 7 na ya 10. Acha kundi likuongoze. Kama ni kibeba chuma, tumia chakula chenye chuma kidogo sana, na hivyo ndivyo coelichelin ilivyopatikana.

Chukua dondoo kwa ethyl acetate, kisha kando yake jingine la seli zenyewe kwa methanoli, maana molekuli nyingine hazitoki nje. Pima yote kwa kromatografia (hutenganisha molekuli) iliyounganishwa na spektrometa ya masi (huzipima uzito), na usisahau dondoo la chakula kitupu kisicho na bakteria. Bila hilo utagundua tena na tena viungo vya chakula chako.

Kuna swali moja ambalo lazima ulijibu kwa ushahidi: je, kilele hiki kinatoka kwenye kundi hili? Njia safi ni kuharibu jeni moja ya kiini na kuona kilele kikitoweka. Bakteria asipokubali kufanyiwa hivyo, hamishia kundi zima kwa mwenyeji mwingine. S. coelicolor M1146 aliandaliwa kwa kazi hiyo: amefutiwa makundi ya actinorhodin, prodiginine (familia ya undecylprodigiosin), CDA na coelimycin, kwa hiyo dondoo lake ni jeupe na kitu kigeni huonekana upesi.

8. Linganisha, kisha jaribu nguvu yake

Kabla ya kutenga molekuli, peleka data ya spektrometa kwenye GNPS, ulinganishe na maktaba ya molekuli zinazojulikana. Siku mbili za kulinganisha zinaweza kukuepusha na nusu mwaka wa kuisafisha molekuli ya zamani.

Baada ya hapo itenge, mkemia asome muundo kwa NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomu zilivyoungana), na upime kiwango cha chini kinachozuia bakteria kukua. Pima pia kwa seli za binadamu. Molekuli inayoua kila kilicho hai ina matumizi machache, na ni afadhali ujue mapema.

Mambo yakikwama

*Sioni methylenomycin kwenye S. coelicolor, na vitabu vinasema anaitengeneza.* Jeni zake ziko kwenye plazimidi, kipande cha DNA kinachojitegemea, iitwayo SCP1, nje ya kromosomu uliyoipakua. Kumbuka hili kwa bakteria wako pia: usitupe kontigi ndogo.

*Nimepata maeneo 70 kwenye jenomu moja.* Tazama idadi ya kontigi. Kundi moja likikatika vipande vitano huhesabiwa mara tano.

*Sipati hata eneo moja.* Hakikisha mfuatano umo ndani ya faili. Kama umo, huenda bakteria wako ni maskini wa makundi kwa asili yake. Wenye jenomu ndogo ya besi milioni 2 mara nyingi wako hivyo.

*Nina vilele viwili vipya vinavyotoka pamoja, vimepishana uzito kwa 21.98.* Ni molekuli moja. Kimoja kina hidrojeni, kingine kimebeba sodiamu badala yake.

*Dondoo linaua bakteria, lakini nikiharibu jeni ya kundi langu bado linaua.* Basi kinachoua kinatoka kwenye kundi jingine. Rudi kwenye jedwali la hatua ya 5, na safari hii anzia kwenye dondoo: ligawanye kwa kromatografia, tafuta sehemu inayoua, pima uzito wa kilichomo, kisha uliza ni kundi gani kati ya yaliyobaki linaloweza kujenga kitu cha uzito huo.

*Nimejaribu vyakula vyote na hakuna kilele.* Angalia kama umepima kwa chaji chanya na hasi zote mbili, na kama seli ulizitupa bila kuzikamua. Kisha tazama jeni za kijani ndani ya kundi. Mdhibiti anayeamsha unaweza kumwongezea nguvu kwa promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) kama ermE*, na anayezuia unaweza kumfuta. Hilo nalo likishindikana, chukua kundi la pili kwenye orodha yako.